Jani la Isale la Signe

Saa kumi na moja alfajiri, Uru, mkoani Kilimanjaro, Aikaruwa Kiwelu anaponda ndizi za mtori jikoni kwake. Moshi umemfumbisha jicho moja. Wiki hii hana mgeni hata mmoja, lakini sufuria ni lile lile kubwa.

"Mkono umeshazoea," anasema.

Kwa miaka tisa amewalaza na kuwapikia wanafunzi wa ng'ambo wanaokuja kujitolea katika shule ya msingi ya jirani. Malipo yao yalimsomesha mwanawe wa mwisho ufundi umeme.

"Wanakuja na mabegi kama wanahama," anacheka. "Wanafua wenyewe. Nguo zinaanikwa na povu lake, lakini wamefua!"

Mumewe, Anaeli, ndiye aliyekuwa akiyapokea mabegi hayo barabarani. Alifariki mwaka juzi, akazikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo nyuma ya nyumba. Kaburi halina saruji. Aikaruwa alipanda masale, mmea wa heshima kwa Wachaga, kwenye pembe zake nne.

Machi mwaka huu, alirudi kutoka sokoni akapokewa na Signe, mwanafunzi kutoka Denmark, panga mkononi, jasho linamtiririka.

"Mama, nimekusaidia! Nyuma sasa kusafi!"

Alikuwa amefyeka magugu yote. Na masale.

"Sikumgombeza," anasema Aikaruwa. "Niliingia ndani nikakaa." Kesho yake alimwambia mwalimu mkuu kwamba hatapokea wageni tena. Signe alipikiwa kama kawaida, ila mama hakuketi naye mezani.

Aliyeingilia kati ni Ndelilio, dada wa marehemu, anayeishi ng'ambo ya mfereji na alfajiri hii yuko hapa jikoni.

"Nilimkuta mtoto analia bandani, mbuzi wanamshangaa," anasimulia. "Nikamwambia, wewe, umemfyeka kaka yangu akiwa amelala! Haya, nyamaza, shika hili."

Aliokota jani moja kati ya yale yaliyokatwa, akalipiga fundo, akamwelekeza namna ya kulitoa kwa mikono miwili. Uchagani, anayeletewa isale hanyimi msamaha.

"Na jani lenyewe limetoka kwa Anaeli," anasema Aikaruwa. "Ningemkatalia nani?"

Jioni ile walivichomeka vipande vya mashina ardhini, yeye na Signe. Tangu hapo, kila asubuhi hadi alipoondoka, msichana yule alimwagilia kabla ya chai.

"Mvua inanyesha, yeye na ndoo!" anadakia Ndelilio. "Utadhani mjane ni yeye."

"Wifi, niache," anajibu Aikaruwa, huku akicheka.

Kumepambazuka. Anafunika sufuria na kuongoza njia kupita kwenye migomba. Mashina matatu yamechipua. La nne limekauka.

"Hapo ni miguuni," anasema, akiinama kuligusa. "Hata alipokuwa hai, miguu ndiyo iliyomsumbua." Atachomeka jingine.

Wageni wengine wanakuja Julai. Ameshamwambia mwalimu mkuu awalete.

"Nitaanza kwa kuwaleta hapa wamsalimie mwenye nyumba," anasema. "Panga baadaye."