Koti la Futi Halikuwa na Kosa

Fundi cherehani huyu alikuwa na dawa moja ya maumivu yote: "Acha kudeka." Aliwalea nayo watoto, akamuuguza nayo mumewe mpaka mauti, na wateja waliochomwa pini wakipimwa nao hawakuikosa.

Binti yake wa mwisho alipopata kazi mbali, alimwachia mbwa: mwili mrefu kama benchi, miguu mifupi kana kwamba kitambaa kiliisha. Wateja wakambatiza Futi, jina la utepe wa kupimia.

"Mama, huyu ndiye mwanangu," binti alisema. "Nitunzie."

Mama akaguna. Mbwa ni mbwa. Wiki haikuisha, alikuwa ameshamshonea koti.

Asubuhi moja Futi aligoma kurukia kiti chake kando ya cherehani. Alikitazama tu.

"Unadeka," fundi akamwambia.

Kesho yake mgongo ulikuwa umepanda katikati, tumbo limekaza, na anatetemeka ingawa jua lilikuwa kali. Fundi akaukagua mgongo kwa jicho la kazi, akatoa hukumu: koti linambana kwapani. Akafumua, akaongeza kitambaa, akamvalisha. Mgongo vilevile. Akamvua kabisa. Mgongo vilevile.

"Dada, hata bakuli haliinamii," akasema kinyozi wa mlango wa pili. "Huyu ana maumivu."

"Maumivu wapi! Anataka nimlishe kwa mkono."

Akamlisha kwa mkono.

Kilichomtia hofu ni sauti. Kucha za miguu ya nyuma zilikuwa zinakwaruza sakafu. Akasimamisha cherehani, akageuka. Futi alikuwa anamjia, nyuma ikiyumba kama ya mlevi. Kisha nyuma ikalala chini, mbele ikaendelea kuja. Fundi akamwinua kwa makwapa, kama walivyoinuliwa watoto wote wa nyumba ile, na mbwa akapiga yowe lililomtoa kinyozi dukani na wembe mkononi.

"Siyo hivyo! Mshike na nyuma, mgongo unyooke!"

Wakamlaza juu ya ubao wa kupigia pasi, wakaubeba mmoja mbele, mmoja nyuma, hadi kwa daktari wa mifugo. Njiani watu waliwapisha kwa heshima, kama wabeba jeneza.

Daktari akaukunja unyayo wa nyuma, mgongo wa kidole ukagusa meza. Mbwa mzima huurudisha papo hapo. Wa Futi ulibaki umekunjika.

"Ni diski ya uti wa mgongo, imechomoka. Ugonjwa huu huwapata sana mbwa warefu wa hivi. Hakuonyesha dalili?"

"Alizionyesha zote," fundi akasema. "Mimi nikapanua koti."

Daktari hakucheka. Akachukua koleo. "Nambana kidole. Akisikia, tumaini lipo."

Akabana. Kimya. Akabana zaidi. Futi akageuka, akamng'ata.

"Afadhali," akasema daktari, akitafuta bandeji. Akaandika dawa, akaagiza Futi afungiwe kizimbani wiki kadhaa, asiruke, asipande ngazi. "Atatembea?" fundi akauliza. Daktari akasema hawezi kuahidi.

Nje, fundi akampigia binti yake simu. Akamweleza yote bila kupunguza, hata lile la koti. Binti akamsikia akivuta kamasi.

"Mama, unalia?"

Miaka yote swali hilo lilikuwa na jibu moja: mafua.

"Nalia, mwanangu," akasema. "Njoo uninyamazishe. Mimi kunyamaza sijui."