Bunduki Iliyonyamaza

Kwetu, kati ya Kasongo na Kabambare, bunduki ya mwindaji ilikuwa na wivu kuliko mwenyewe. Mume akiwa porini, mke alale peke yake, asicheke ovyo na wanaume njiani. Akikosea, bunduki inanyamaza. Niliona wanawake wakirudishwa kwao kwa sababu hiyo, na hakuna aliyewauliza neno. Nami niliamini, mjinga mimi! Niliamini mpaka zamu yangu ilipofika.

Mume wangu alikuwa na bunduki ya zamani, ya kutia risasi moja moja, yenye karatasi ya ruhusa ya Bula Matari, serikali ya Wazungu, kutoka ofisi ya Kabambare. Chini yake kulikuwa na mkono wa chuma. Ukiuvuta, kifuniko cha nyuma kinashuka, unatia risasi. Ukiurudisha, imefunga, iko tayari. Kaka yake mkubwa ndiye aliyeitia dawa. Kila kiangazi alimimina mle ndani mafuta ya mawese yaliyochanganywa na majivu ya magome. Alisema anailisha.

Asubuhi hiyo nguruwe-mwitu waliingia katika muhogo wetu. Mume wangu akalenga, akafyatua. Kimya. Akavuta mkono wa chuma, haukusogea. Alirudi nyumbani na risasi nzima ndani ya bunduki, jasho linamtiririka, akanitazama mimi kabla hajaitua. Nikajua.

Shemeji, yule kaka mkubwa, hakukawia. Alisimama katikati ya kiwanja akasema kwa sauti, majirani wote wasikie: "Bunduki haina ugonjwa. Ugonjwa iko kwa bibi yako. Aseme jina la huyo mwanaume, ao arudi kwao Nyangwe leo."

Mama mkwe alikuwa ameshamfunga mtoto wangu mchanga mgongoni mwake. Mwanamke aliyefukuzwa namna hiyo aliondoka mikono mitupu, watoto walibaki. Nilipomwona mwanangu pale mgongoni, damu ilinichemka.

"Ifungue!" nikamwambia mume wangu. "Fungua hiyo bunduki hapa hapa, watu waone huyo mwanaume amejificha wapi ndani yake!"

Watu wakaguna. Mmoja akacheka, akaziba mdomo.

"Ukiifungua dawa inatoka," shemeji akasema. "Hautaua tena hata panya."

"Kwani leo ameua nini?" nikamjibu. 

Mume wangu aliigeuza bunduki mikononi. Zamani aliwahi kumbebea mizigo soldati mmoja wa Bula Matari, akamwona akifungua bunduki ya namna ile. Mwishowe akaingia ndani, akatoka na petroli ya taa. Akailaza bunduki juu ya gogo, mdomo wake ukielekea kichuguu, akaifunga kwa kamba.

"Ondokeni," akasema. "Risasi ingali ndani. Inaweza kulia."

Wote wakakimbilia nyuma ya nyumba, shemeji akiwa wa kwanza. Mimi nikabaki.

"Ondoka, mama," mume wangu akasema.

"Siondoki. Ikikuua, watasema pia ni mimi."

Akadondosha petroli kwenye ufa wa kifuniko. Akangoja, akavuta. Wapi! Akaongeza, akavuta tena, na kila alipovuta nilifumba macho. Maji meusi yakaanza kuchuruzika kwenye gogo. Kisha chuma kikalia, kifuniko kikashuka, risasi ikaanguka majanini. Mama yangu wee! Nilikaa chini pale pale.

Shemeji akarudi, amejaa maneno. "Sawa, imefunguka. Lakini kwa nini ilinyamaza?"

Kweli, hilo lilikuwa bado halijajibiwa. Mume wangu akachukua msumari na jiwe, akagonga taratibu kipande cha chuma kinachoshikilia kifuniko, mpaka kikatoka upande wa pili. Kifuniko kikamjia mkononi. Ndani yake mna sindano, ile inayogonga risasi, na resori yake, ile springi ya kuisukuma. Akaisukuma sindano kwa kidole. Haikwenda. Akaichomoa kwa shida, akakwangua kwa ncha ya kisu. Uchafu ukabanduka vipande vipande, mweusi kama ukoko wa chungu, unanuka mawese. Akaipangusa kwa kitambaa cha petroli, akairudisha, akasukuma. Ikaenda, ikarudi.

"Ni mafuta," akasema. "Mafuta tu. Yameganda."

Shemeji akaokota kipande, akakinusa, akakitupa. Akaenda zake bila kuaga. Mama mkwe akamfungua mtoto mgongoni, akanipa, macho yake yakiwa chini. Majirani wakakumbuka kazi zao.

Tukabaki wawili. Mume wangu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyepona. "Unaona?" akasema. "Mimi nilijua."

Nikampa mtoto ziwa. Nikamwuliza, "Na kama ungeikuta safi?"

Kicheko kikaisha. Akachukua kitambaa chake, akaendelea kupangusa kile kifuniko ambacho kilikuwa kimeshatakata. Nilizaa naye watoto wengine, tukazeeka pamoja, nikamzika. Jibu hakunipa.