Shemeji Alimpima Mwanangu Kwanza

Mwanangu Kijino alijibu swali ambalo hakuwa ameulizwa bado.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya chumba, nimeambiwa nisitie neno. Mwanasaikolojia, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, ndio kwanza alikuwa anafungua sanduku lake. Kabla hajatoa picha ya mfano, Kijino akavivuta vipande vya mbao, vyekundu na vyeupe, akavipanga chapchap.

"Bado umbo la nyota," akasema. "Halafu lile la mshale."

Mama akavua miwani. Mimi huku nyuma natabasamu kama bwege, najua nimezaa kichwa.

Ngoja niwaeleze vizuri.

Kijino ni binti yangu. Kwa kuongea, redio ikasome. Ila mpe kitabu uone, herufi zinamkimbia. Mwalimu wake aliniambia wazi: apimwe na mtu aliyesajiliwa. Ikithibitika ana shida ya kusoma, atapewa mwalimu wa kumsaidia na muda wa ziada kwenye mtihani. La sivyo anarudia darasa, na alikuwa ameshalirudia. Siku hizi alikuwa anajiita mjinga mwenyewe. Iliniuma sana.

Sasa nyumbani tunaye Profesa, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Shahada ya saikolojia ameitundika sebuleni juu ya televisheni, ila usajili hana. Lazima kwanza afanye kazi chini ya mtu aliyesajiliwa, na mpaka hapo haruhusiwi kumpima hata kuku.

"Wazee wanalinda mkate wao tu," hunilalamikia. "Kupima ni kupima, shemeji. Fundi cherehani anasajiliwa wapi?"

Basi, turudi chumbani.

"Huyu mtoto ameshapimwa," mama akasema. "Na nani?"

"Hajapimwa na mtu," nikajibu.

Kijino akadakia. "Baba mdogo hunipima nikitoka shule. Nikikosea ananionyesha."

Tabasamu likaniganda.

"Kipimo hiki ni cha mtoto ambaye hajawahi kukiona," mama akaniambia, anafunga sanduku. "Kwa majibu haya nitaandika mwanao ni gwiji. Na gwiji hapewi mwalimu wa kumsaidia."

Nililia palepale, mbele ya mwanangu.

Nyumbani nilimkuta Profesa amejilaza kwenye kochi, miguu juu ya mto wangu mpya.

"Umempima Kijino?"

"Nilikuwa najinoa tu, shemeji. Si anapata zote?"

Nikampa habari yote, na maneno mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilipomtaja mama wa miwani ya kamba, akainuka taratibu.

"Huyo ndiye niliyemwomba anisimamie," akasema. "Ananiita kwenye usaili wiki ijayo."

"Basi utamwona mapema. Bila kujua ulimpa nini mtoto, hana pa kuanzia."

Kesho yake Profesa akaazima tai ya kaka yake, tukaenda.

Akasema yote. Vipimo gani alitumia, wapi alimwonyesha majibu. Mama akasikiliza, kisha akatoa sanduku jingine ambalo Profesa hakuwahi hata kulisikia. Kijino akapimwa upya, na safari hii shida ikaonekana. Mwalimu wa msaada akapatikana, muda wa ziada ukapatikana.

Na Profesa, alikubaliwa? Thubutu. "Rudi mwakani," aliambiwa, "ukishajua kwa nini tunasajiliwa."

Juzi Kijino kasimama sebuleni, kidole hewani, anaisoma ile shahada neno kwa neno. Anakwama, anarudi, anaendelea. Nikajikuta machozi yananilenga. Alipofika mwisho akageuka.

"Baba mdogo, mbona hawajaandika unaruhusiwa kupima watu?"

Mume wangu alicheka mpaka akatoka nje.

Wazazi wenzangu, mtu akitaka kumpima mwanao, muulize usajili wake uko wapi. Akianza kukuletea habari za fundi cherehani, mwonyeshe mlango, hata kama ni shemeji yako.