Utosi Mweusi wa Ndege wa Abu Hamad

Wanaosema huko mtaa wa Najma kwamba marehemu mume wangu, Silvesta, aliiba ndege wa tajiri wake akafukuzwa Qatar, wanasema uongo. Nilikuwepo.

Silvesta alitunza ndege wa tajiri huyo, Abu Hamad, nyumbani kwake huko Al Rayyan, kwa miaka tisa. Mmoja alikuwa dume wa jamaa ya kunguru, mwili wa hudhurungi, bawani kipande cha buluu. Ndege hao wametapakaa toka Ulaya hadi Asia, na kila upande una sura yake. Huyu alikuwa wa Shamu: utosi mweusi tititi, uso mweupe.

Alipelekwa kwa mfanyabiashara mmoja wa ndege akapandishwe. Dereva wa duka lake alimrudisha katika tundu lililofunikwa kitambaa, maana ndege akiona barabara hupapatika. Silvesta akatia sahihi ya kumpokea kabla ya kufunua. Hilo ndilo kosa lake, na silifichi.

Alipofunua, buluu ilikuwa ileile. Lakini utosi ulikuwa na michirizi na uso haukuwa mweupe. Huyo alikuwa wa Ulaya.

"Baba Fiona, nyamaza," nilimwambia. "Abu Hamad hawezi kuwatofautisha. Ukisema, mwizi ni wewe."

"Kiarabu changu ni cha kuombea maji, Mama Fiona. Twende ukanitafsirie."

Abu Hamad alimtazama ndege, kisha mume wangu. "Nani mwingine hapa angejua kwamba huyu si yule?"

"Hakuna, Baba," Silvesta akajibu. "Na nilitia sahihi bila kutazama."

Nilisita kuitafsiri hiyo ya sahihi. Silvesta akanigusa kiwiko. "Usipunguze neno."

Sikupunguza. Abu Hamad akampigia simu mfanyabiashara, sauti ikasikika chumba kizima: "Amenyonyoka tu! Manyoya mapya, rangi mpya!"

Nilipomtafsiria, Silvesta akafungua daftari alilokuja nalo. Kila mwaka aliokota manyoya yaliyopuputika, akayabandika na kuandika tarehe. Manyoya ya utosi ya miaka minne, yote meusi. Abu Hamad aliyapitishia kidole, moja baada ya jingine.

"Nakuja dukani," akasema kwenye simu. "Usikate."

Ndege wetu alikutwa chumba cha nyuma cha duka. Silvesta alifanya kazi palepale miaka mitatu zaidi, mpaka maradhi yalipomchukua.

Mnaniuliza dereva yule ni nani, kama alijua kilichokuwa chini ya kitambaa, na kama ndiye anayeeneza maneno haya leo. Jina lake ninalo. Sitalitoa, wala sitaongeza neno.