Barua Yangu ya Soba na Kadzama ya Mjomba

Haya, kaeni niwaambie mwenyewe, maana nimechoka kuisikia ikisimuliwa na watu ambao hawakuwapo, na kila anayeisimulia hutia chake, mpaka juzi nimesikia ati nililala zizini na mbuzi watatu (walikuwa wawili). Aibu ni yangu, nimeibeba tangu miaka ya Uhuru, bendera ikiwa bado haijapauka, na kama ni lazima ichekwe basi na ichekwe vile ilivyokuwa.

Mnaniita Soba, na nyinyi vijana mwadhani ndilo jina nililopewa na baba. Jina hilo lilitoka kwenye barua. Nilikuwa nimefanya kazi miaka miwili ya kumshikia mnyororo mzungu mmoja mpima ardhi, tukipita porini kutoka upande wa Msambweni hadi huko Lungalunga, naye alipokuwa anarudi kwao akaniandikia barua ya kunisifu, mistari minne, na siku hizo barua kama hiyo ilikuwa ndiyo miguu yako, huna barua basi hata mlangoni mwa ofisi hufiki. Ilisema mimi ni mwaminifu, nafika kazini kwa wakati, na ni soba. Neno hilo la mwisho sikulijua. Nikaenda kwa mwalimu wetu pale Mwabungo, aliyekuwa na kamusi nene ya Kiingereza, akaliandama kwa kidole akaniambia lina maana tatu: kwanza ni mtu asiyelewa, pili ni mtu makini anayefikiri kabla ya kutenda, na tatu, likisemwa juu ya nguo, ni nguo isiyo na rangi za kupiga kelele. Mtu mwingine angechukua maana moja akashukuru Mungu. Mimi nikazichukua zote tatu.

Shati langu la mistari myekundu, ambalo nililipenda kweli, nikampa binamu yangu Mwero, nikabaki na kaki mbili. Nikaanza kusema polepole, nanyamaza kidogo kabla ya kujibu salamu, mpaka mama akaniuliza kama jino lauma. Na tembo la mnazi nikaacha. Hapo mnielewe vizuri, kwa sababu nimelelewa na mjomba Ngome, kaka yake mama, na mjomba alikuwa mgema, sisi ni watu wa bara tuliohamia pwani kufuata minazi, na katika nyumba ile tembo lilikuwa halikosekani kama maji ya mtungini. Yule mzungu hakuwahi kuniona nimelewa kwa kuwa huko porini hakukuwa na mnazi hata mmoja. Basi usoba wangu wote, kwa hesabu ya haki, ulikuwa wa wiki tatu, lakini nilikuwa nimeisoma barua ile mbele ya kila mtu Mwabungo, hata mbele ya wavuvi ambao hawakuniuliza kitu.

Wakati huohuo Mwero, mtoto wa mjomba, alikuwa anataka kuoa. Msichana aliitwa Nyamvula, kwao ni bara, upande wa Kinango, na babake, Mzee Mwatela, alikuwa amewazungusha miaka mitatu, leo anaumwa, kesho mvua, keshokutwa hajaota vizuri. Mwero alikwisha kuisiriba nyumba yake mara mbili kwa kungoja. Mwishowe mzee akatuma neno: njooni Jumamosi na kadzama. Kadzama ni kile kibuyu kikubwa cha tembo la posa. Wakwe wakilinywa, neno limepita, wasipolinywa, hakuna mke. Na nyumbani kwa mjomba mbebaji wa kadzama alikuwa mpwa, yaani mimi.

Njiani mjomba alinionya. Tulikuwa wanne, mimi na yeye na wazee wawili majirani, tumepanda gari mpaka Kwale kisha tukashuka mlima kwa miguu, kibuyu kichwani mwangu, na mjomba akaniambia yule mzee ana kidonda: kakake mkubwa alikufa baada ya kunywa tembo la posa ambalo hakuna aliyelionja mbele yake. Kwa hiyo tukifika, akasema, wewe uliyelibeba utaonja kwanza, kata moja tu, kuondoa uchawi, kisha ndio wao wanywe. Nikaitikia ndio mjomba. Lakini kusema kweli sikuwa namsikiliza, nilikuwa nawaza Jumatatu, maana kulikuwa na hoteli mpya Diani inatafuta mtu wa kushika stoo ya vinywaji, na barua yangu ilikuwa hapa, kwenye mfuko wa shati. Nikajiambia mtu mwenye barua kama ile haonji. Uamuzi wangu ulikuwa huo tu, mdogo, nilioufanya nikiwa nateremka mlima huku jasho likiniingia machoni.

Tukafika, shikamoo, marahaba, tukakalishwa mkekani, wazee wa pale kama saba hivi, na wanawake wamejaa mlangoni kusikiliza. Nyamvula mwenyewe alileta kata ya kifuu, akaiweka mbele yangu bila kuniangalia, lakini nilimwona anatabasamu na nywele amesukwa upya. Mjomba akanimiminia. Nami nikairudisha ile kata, taratibu, kwa heshima zangu zote za mtu makini, nikasema samahani, mimi sitaonja.

Mlishawahi kusikia ua mzima ukinyamaza, pamoja na kuku? Mzee Mwatela hakukasirika, na laiti angekasirika. Aliniuliza kwa upole kama anayemuuliza mgonjwa.

"Wewe ni Muislamu, mwanangu?"

"La, baba."

"Umeokoka?"

"La."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa una nini?"

Nikasema, "Nina barua."

Na nikaitoa. (Hapo ndipo huwa natamani mtu angenipiga kibao.) Nikasimama nikaisoma kwa Kiingereza, halafu nikaitafsiri, halafu, kwa kuwa nilimwona mzee mmoja amekunja uso nikadhani hajaelewa, nikaeleza maana zote tatu, pamoja na ile ya nguo. Mzee huyo akauliza, basi sisi tunaokunywa tunaitwaje katika hiyo barua? Nikaigeuza karatasi nikatazama nyuma. Mwalimu hakunisomea neno hilo.

Mzee Mwatela alikuwa hasikilizi habari ya Kiingereza. Aliuliza kitu kimoja tu, tembo hili kagema nani, akaambiwa ni mjomba mwenyewe. Akatikisa kichwa. Tembo la mjomba wake, akasema, kalelewa nalo, na leo ndani ya nyumba yangu hataki hata kulitia mdomoni. Mjomba alipoona hivyo aliinyakua kata akataka kuinywa yeye, na mzee akamshika mkono, akasema hapana, aliyelitengeneza huwa ana dawa yake ya kujikinga, mimi nilitaka kumwona asiyekuwa nayo. Kisha akasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo nikilala.

"Mtu makini angeonja. Rudini nalo."

Nyamvula aliiokota kata akaingia nayo ndani. Hakulia hadharani, alitembea tu, na shangazi yake akamfuata akiwa ameshika mdomo.

Sasa ninyi ambao hamjapanda mlima ule jua la saa sita na kadzama iliyojaa, siwezi kuwaeleza. Uzito wenyewe ulikuwa nusu ya taabu. Nusu ya pili ni kwamba kila mtu wa kule anajua kibuyu cha posa huenda kimejaa na kurudi kitupu, na kikirudi kimejaa hakuna haja ya kuuliza, lakini wao wanauliza. Mwanamke mmoja anayechota maji, poleni, wamekataa? Mchunga mbuzi, poleni, ni wa nani huyo msichana? Mzee kwenye baiskeli akashuka kabisa, akatuamkua vizuri, akakitazama kibuyu, akasema lahaula, akapanda akaenda zake. Mjomba hakunitukana hata mara moja. Alitembea mbele, mgongo wake umeinama, na mimi nyuma yake naona shati lake la sikukuu limelowa, na nilichoka, jamani, nilichoka miguu na shingo na moyo.

Tulipofika nusu ya mlima tukamwona Mwero anateremka. Bwana arusi hatakiwi kufika huko, lakini alikuwa ametuahidi kutungoja Kwale atupokee kile kibuyu kitupu, na kungoja kumemshinda, akatufuata. Alikuwa amevaa lile shati langu la mistari myekundu, amelipiga pasi. Alikuja anacheka, akanyoosha mikono kunitua mzigo, na alipoushika akaujua.

"Kimejaa," akasema.

Akaiondoa mikono. Akakaa chini kando ya njia, akaanza kung'oa majani, moja moja, anayapanga juu ya goti. Miaka mitatu ile, na mara mbili alizoisiriba nyumba, zote nikaziona pale gotini kwake, na barua mfukoni ikawa inaniwasha kama upupu. Nikamwambia mjomba, turudi. Akasema hatutapokewa. Nikasema turudi hivyohivyo, nami nikageuka na kibuyu changu bila kungoja jibu, na wao wakanifuata, ila Mwero tuliyemwacha palepale, na njia nzima wale wale waliotupa pole wakatuona tunateremka tena na kibuyu kilekile, sasa wanatupisha njia tu.

Nilipiga magoti uani kwa Mzee Mwatela. Nikamwambia baba, kosa ni langu, si la tembo, nipe kata. Alinitazama sana, kisha akaita, na aliyeileta safari hii hakuwa Nyamvula, alikuwa shangazi. Nikanywa ya kwanza. Mzee akasema, aliyekataa moja haonji moja. Nikanywa ya pili. Akaendelea kunitazama, nikanywa ya tatu, na sikuwa nimekula tangu alfajiri, na tembo lenyewe limepikwa na jua tangu asubuhi kichwani mwangu, limekuwa kali mpaka machozi yalinitoka. Baada ya ya tano sikuhesabu tena, wenzangu ndio walionihadithia. Ati nilisimama nikaisoma barua upya, nimeishika kichwa chini miguu juu. Ati nilimwita Mzee Mwatela Bwana, nikamwomba anyooshe mnyororo nipime ua. Nikakumbatia mlingoti wa banda nikalililia lile shati langu la mistari, nikasema nilidanganywa na kamusi. Halafu nikaegemea ua wa zizi, ua ukaachia, nikaanguka ndani kwa mbuzi nikalala hapohapo, mdomo wazi, mbele ya wakwe.

Na wao wakakaa kungoja kama nitakufa. Sifanyi mzaha. Mzee alisema, tumwangalie, akiamka tutakunywa, na wazee wote, wa kwao na wa kwetu, wakahamisha mikeka kando ya zizi, wakakaa tangu adhuhuri mpaka alasiri wakinitazama ninavyokoroma. Mjomba aliniambia baadaye kwamba kila nilipokaa kimya kidogo, watu walisimama.

Nilipofumbua macho niliona uso wa Mzee Mwatela umeniinamia, na nyuma yake nyuso nyingine zote. Akaniuliza, "Una njaa?" Nikasema ninayo sana. Akageuka akaita Nyamvula alete uji, na sauti yake ilikuwa imebadilika, na palepale zizini nikiwa bado nina manyoya ya mbuzi mdomoni nikasikia kata inachotwa, na wazee wa kwao wakanywa, mmoja baada ya mmoja. Mjomba Ngome alilia, mtu mzima yule.

Lakini mzee alitaka amana. Akasema ile karatasi inayokufanya uogope tembo langu itakaa kwangu mwaka mmoja, hapa kwenye makuti ya dari, na kama hakuna atakayedhurika utaipata. Ningesema nini? Nikampa.

Jumatatu nilikwenda Diani kwenye ile hoteli nikiwa na kichwa kinachogonga bado. Karani, mtu wa bara mbali aliyekuja na kazi, akaniuliza barua. Nikasema iko kwa wakwe. Akauliza barua ya kazi inafanya nini kwa wakwe, na mimi, kwa kuwa nilikuwa mwaminifu (nalo hilo liliandikwa), nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta machozi kwa leso, akaniambia kazi hiyo ni ya kushika ufunguo wa stoo ya pombe, kisha akamwita aliyekuwa nyuma yangu. Nikarudi Mwabungo kwa miguu, nikamwomba mjomba kisu cha kugemea, na mnajua wenyewe kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Mwaka ulipotimia, Mzee Mwatela alikuja kumwona mjukuu wake. Mwero alinikabidhi mtoto nimpakate, na mzee akaichomoa barua kutoka ndani ya kofia yake, safi, imekunjwa vilevile nilivyoikunja, inanuka moshi. Nikaichukua kwa mkono mmoja. Akaniambia aliisomesha kwa mwalimu wa kwao, neno kwa neno, kwa kuwa alitaka kujua alichokuwa amekilaza darini.

"Mzungu wako hakusema uongo," akasema. "Aliandika mapema tu."

Barua iko sandukuni, sijaitoa kumsomea mtu tena, na sitaitoa. Nikipewa kata huwa sisemi neno, naonja kwanza. Na katika ukoo ule wa Mzee Mwatela, mpaka leo nilivyozeeka na magoti haya, hawafungui kadzama mpaka atumwe mtu Mwabungo kuniita, nami hupanda na kushuka mlima ule polepole, nachoka, nafika, naonja, na wao wanakaa wakinitazama.