Landrova Iliyolala Kwenye Mboga za Mama

Wenzangu mliokulia Kakamega enzi zile za kaptura zenye viraka na viatu vya Jumapili pekee, nyinyi hamtahitaji maelezo mengi. Mnaijua mvua ya alasiri iliyotoka msituni bila kubisha hodi, ikatukuta tukicheza katikati ya barabara, maana magari yalikuwa ya kuhesabu na barabara ilikuwa mali ya watoto. Mnaijua harufu ya mahindi yakichomwa, na mrenda, ile mboga ya utelezi, uliovutika kutoka kwenye sahani hadi kidevuni. Wanangu wakiona mrenda siku hizi huuliza kama umeharibika. Sibishani nao. Nauvuta upande wangu, naumaliza.

Kwetu ni Shinyalu. Baba alikuwa fundi wa matrekta katika shamba kubwa la mahindi huko Lugari, na alikuwa akija nyumbani mwisho wa mwezi na mkate mmoja mrefu ambao harufu yake tuliisikia kabla yeye hajafungua mlango. Mwenye shamba alipozeeka na kuamua kuuza kila kitu na kuhama, aliwaambia wafanyakazi wake wa siku nyingi kila mmoja achague kitu cha kwenda nacho nyumbani. Mmoja alichukua ndama. Mwingine alichukua kitanda cha chuma. Baba alichagua landrova kuukuu iliyokuwa imetupwa nyuma ya ghala, nyasi zimeota ndani yake hadi zikafika kwenye usukani.

Lori la mahindi liliivuta hadi njia panda. Kutoka hapo maksai wa jirani wakaimalizia safari, na nyuma yao tukafuata watoto wa kijiji kizima, tukiimba kama tunaoleta bibi harusi. Haikuwa na paa, haikuwa na milango, haikuwa na kioo cha mbele. Taa moja ilikuwa imechomoka ikaning'inia kwa waya. Maksai walipoingia uani wakakataa kwenda mbele hata hatua moja, na landrova ikasimama hapo hapo, juu ya tuta la mboga za Mama, mrenda na saga.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo ilitosha kumnyamazisha mtu yeyote. Alilizunguka gari lote.

"Baba Ambani," alisema mwishowe. Ambani ni kaka yangu, kifungua mimba. "Wenzako wameleta ng'ombe. Wewe umeniletea maiti, na umeizika kwenye mboga zangu."

"Hii si maiti, Mama Ambani. Chuma hakifangi. Kinalalanga tu."

"Basi kilale. Mimi sitakanyaga ndani ya hicho kitu mpaka nizikwe."

Hivyo ndivyo landrova ilivyoingia katika ukoo wetu.

Tangu siku hiyo likizo zetu zilikuwa na harufu ya mafuta ya taa. Baba aliifungua landrova yote, kipande kwa kipande, akavitandaza vyuma juu ya magunia kama mtu anayeanika maharagwe. Kazi yetu mimi na Ambani ilikuwa kuviosha ndani ya karai la Mama, ambalo Baba alikuwa ameliazima bila ruhusa na ambalo halikurudi jikoni tena. Kutu tuliisugua kwa majani ya msasa tuliyochuma pembezoni mwa msitu, yale makavu yanayokwaruza kama ulimi wa paka. Mikono yangu ilikuwa myembamba, kwa hiyo nati iliyoangukia mahali ambapo mkono wa Baba haungeweza kupita ilikuwa yangu. Nilijivunia hilo kuliko cheo chochote nilichowahi kupewa ofisini.

Baba alitufundisha bila kutufundisha. "Nati hailazimishwangi," alikuwa akisema. "Unaibembeleza. Ukiilazimisha itakukatikia, halafu utamlaumu nani?" Mpaka leo nikiona watu wakivutana kwa hasira, nasikia sauti hiyo.

Vipuri vilipokosekana alibuni. Gasketi alizikata kwenye katoni. Bodi tuliipaka rangi ya bluu iliyobaki baada ya milango ya shule kupakwa, tena haikutosha, kwa hiyo ubavu mmoja ukawa bluu na wa pili ukabaki na rangi ya kutu. Na wakati Baba yuko kazini, maana alikuwa amepata vibarua vya kutengeneza trekta za watu, landrova ilikuwa yetu. Ambani alikuwa dereva, mimi utingo, na abiria walikuwa watoto wa jirani na kuku wawili. Tulifika Mombasa mara nyingi sana bila kutoka uani.

Mama hakugusa hata skrubu. Alipita kando yake akienda kisimani, alipita kando yake akirudi, na Baba alipomwita aje asikie injini ikikohoa kwa mara ya kwanza, alijibu kutoka jikoni kwamba obusuma, ugali wetu, inaungua.

Halafu kikaja kipindi cha mvua ndefu. Mama alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia. Njia ya kwenda barabara kuu ilikuwa imegeuka uji mwekundu, hata baiskeli zilibebwa na wenye baiskeli. Siku moja asubuhi, tukiwa bado tunakunywa chai na nduma, Mama alishika ukingo wa meza na hakuuachia. Baba alimkimbilia Mama Rasoa, mkunga wetu, mama aliyekuwa amewapokea karibu watoto wote wa kijiji, mimi nikiwa mmoja wao. Mama Rasoa aliingia chumbani, akakaa kidogo, akatoka akimtazama Baba usoni.

"Mtoto ametanguliza mguu," alisema. "Hii mimi siwezi. Mpeleke hospitali, na mpeleke saa hii."

Simu ya kupiga haikuwepo, na hata kama ingekuwepo, hakuna teksi ambayo ingefika kwetu siku ile. Wanaume walianza kuzungumza juu ya kumbeba kwa machela.  Baba alitoka akaenda moja kwa moja kwenye landrova.

Mnapaswa kuelewa ilivyokuwa. Injini ilikuwa inawaka, siku ikitaka. Lakini paa bado, milango bado, kifuniko cha injini kilikuwa kimeegemea ukuta kikisubiri rangi. Viti havikuwepo. Baba mwenyewe alikuwa akiendesha akiwa amekalia debe. Breki zilishika baada ya kuzikanyaga mara kadhaa, na hapo ni ukiwa na bahati. Betri haikuwepo pia. Gari liliwashwa kwa hendeli ya chuma iliyoingizwa mbele na kuzungushwa kwa nguvu.

Ambani na jirani mmoja walibeba kile kiti kikubwa cha sebuleni, kile cha wageni, na vitambaa vyake vya kufuma vikiwa juu yake, wakakifunga kwa kamba nyuma ya landrova. Wakamleta Mama amekumbatiwa mabegani na wanawake wawili. Alipoliona gari alisimama. Alilitazama, akamtazama Baba, na nadhani angesema kitu kama uchungu haungemkata maneno. Wakampandisha. Mama Rasoa akakaa chini miguuni pake, Ambani akaning'inia nyuma, na mimi nikapewa mwavuli mweusi wa kanisani nimfunike. Hivyo ndivyo tulivyotoka nyumbani: Mama amekaa kwenye kiti cha wageni mvuani kama malkia, akishika mkono wangu kwa nguvu iliyoniacha na alama.

"Baba Ambani," alisema, meno ameyauma. "Hiki kitu kikizima, nitashuka nitembee."

Kikazima. Tulikuwa tumevuka kijito tukaanza kupanda kilima kinachofuata, magurudumu yakitafuta ardhi ngumu na kuikosa, na maji yakamwagika juu ya injini iliyokuwa wazi. Ilikohoa, ikanyamaza. Tulianza kurudi nyuma taratibu, Baba akipiga breki, mpaka Ambani aliporuka na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Baba alizungusha hendeli. Hakuna. Akazungusha tena, matope yamemfika magotini. Hakuna. Nilimwona akisimama, mkono wake juu ya injini, na uso wake ukawa uso nisioujua. Nilikuwa nikidhani baba haogopi kitu. Siku ile niliona anaogopa.

"Ni nini?" Mama aliuliza.

"Umeme umeloa. Nahitaji kitu kikavu. Kila kitu hapa kimeloa."

Mama akainua mkono akafungua kitambaa chake cha kichwani, ambacho mwavuli ulikuwa umekilinda. Enzi zile mama wa kanisa kuvua kitambaa barabarani, mbele za watu, halikuwa jambo dogo. Akamtupia.

"Shika. Pangusa vizuri. Usiniharakishie kazi, fanya vizuri."

Akapangusa. Alizichomoa waya za injini, akazipangusa moja baada ya nyingine, akiziinamia kwa mgongo ili mvua impige yeye. Wakati huo watu walikuwa wameanza kutoka majumbani. Hakuna aliyewaita. Waliona tu gari limesimama na mwanamke ndani yake. Wanaume walitoka na majembe, kina mama na magunia ya kuweka chini ya magurudumu, vijana wakavua mashati. Mzee mmoja ambaye hakuwa akisalimiana na Baba tangu kesi ya mpaka wa shamba aliweka bega lake nyuma ya landrova kabla ya wote.

Baba akazungusha hendeli. Injini ikashika.

"Mbere! Mbere!" watu wakapiga kelele, na landrova ikapanda kile kilima ikiwa imebebwa nusu na injini na nusu na mabega ya watu.

Hospitalini mjini walimkimbiza Mama ndani moja kwa moja. Sisi tukabaki nje, tumejaa matope, mimi bado nimeshika mwavuli ingawa mvua ilikuwa imekwisha.  Mara kwa mara Baba aliinuka akaenda mlangoni, akarudi. Jua lilikuwa limeanza kushuka muuguzi alipotoka, akauliza baba wa mtoto ni yupi. Kwa hali tuliyokuwa nayo hakuweza kutambua.

"Wamempasua, na yuko salama," alisema. "Ni msichana. Mngekawia kidogo, ningekuwa nakwambia maneno mengine."

Baba alimshukuru. Kisha akatembea hadi kwenye landrova, akakaa juu ya debe lake, akauinamia usukani. Ambani alitaka kumfuata, Mama Rasoa akamshika shati. "Mwacheni," alisema. "Mwacheni na gari lake."

Mtoto aliitwa Nafula, jina la watu wa upande wa Mama kule Malava, la msichana aliyeletwa na mvua. Na Mama aliporudi nyumbani, kabla hajaonyeshwa hata mahali pa kumlaza mtoto, alisimama uani akauliza, "Hicho kitu kitapata paa lini? Mnataka mtoto wangu anyeshewe tena?" Wiki iliyofuata alitoa cherehani yake nje. Alishona viti vya landrova kwa turubai, akavijaza maganda ya mahindi, na alipogundua kwamba ubavu mmoja haukuwa na rangi, alimgombeza Baba kwa kumwaibisha mbele ya watu.

Kwa miaka mingi landrova ile ilikuwa ya kijiji. Ilipeleka wagonjwa, ikaleta mahari, ikabeba fahali wa kupigana waliopambwa kuliko bwana harusi. Baba aliiendesha hadi macho yake yalipokataa. Alipofariki tuliiweka bandani, na huko ikakaa, kuku wakiigeuza maternity yao ya kutagia.

Krismasi iliyopita tulikutana nyumbani, Ambani, Nafula na mimi, tukaamua kuiamsha. Siku hizi kutengeneza gari ni jambo la ajabu. Kipuri unakiagiza kwa simu, kinakuja na bodaboda kimefungwa kama zawadi. Mwanangu alipomwona mjomba wake akihangaika na nati, aliuliza kwa nini tusitafute video. Akaitafuta. Mzungu mmoja alionyesha vizuri sana, na nati ikakatika. Nafula, aliyepata kusikia habari za safari yake ya kwanza hata akachoka, ndiye aliyekaa chini ya gari siku nzima. Watoto walisaidia kidogo, wakapigana picha sana, wakaenda kutafuta mahali penye mtandao.

Siwalaumu. Wana raha ambazo sisi hatukuziota, na hakuna mama wa siku hizi ninayemtakia safari kama ile. Ila gari likikwama siku hizi tunafunga madirisha na kupiga simu, na wanaopita wanapita. Zamani likikwama, watu walitoka majumbani. Sijui hilo tulilipotezea wapi.

Siku iliyofuata, alasiri, injini ikashika. Ilikuwa na mlio ule ule, mzito, wenye kikohozi katikati. Mama alitoka jikoni polepole na mkongojo wake, akasimama mlangoni akisikiliza, kichwa ameinamisha upande mmoja. Tulidhani atalia. Hakulia.

"Baba yenu alipokuwa akirudi," alisema, "nilikuwa nasikia huo mlio kutoka kule ng'ambo ya kijito, naweka maji ya obusuma. Akiingia uani, chakula tayari. Nyinyi mnanipigia simu mkiwa Nairobi, mnanipigia Nakuru, mnanipigia Kisumu, na bado sijuangi mtafika lini."

Sisi watatu, wenye simu nzuri mifukoni, tukaiacha injini iendelee kuunguruma ili aisikie.