Kadi ya Mti wa Babu

Wageni walioshuka kwenye gari la moshi Tabora kungoja treni ya Mwanza walikuwa na saa nyingi za kupoteza, na mji haukuwa na mengi ya kuwaonyesha. Walipelekwa kulitazama boma la Wajerumani kwa nje, wakapitishwa sokoni, kisha wakaletwa kwetu, kwenye tembe la zamani la mfanyabiashara Mwarabu. Mzungu mmoja mzee, mpenda mambo ya kale, alikuwa amelikodi na kuligeuza nyumba ya makumbusho ya njia ya misafara. Ndani mlikuwa na mizani ya kupimia pembe za ndovu, kengele, ngoma iliyopasuka, marobota ya nguo ya merikani yaliyoliwa na panya, na kabati la vioo lililokuja kwa treni kutoka Dar es Salaam. Mimi niliajiriwa kuandika kadi, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili.

Nilikuwa msichana niliyemaliza shule ya misheni, na nilichojivunia kupita vyote ni mwandiko wangu. Watu wa mtaani kwetu Isevya waliniletea barua zao niwaandikie hata kama wao wenyewe walijua kuandika. Kwa mwandiko huo nilijiona mtu mkubwa sana. Leo nikikumbuka jinsi nilivyokuwa nikitembea na chupa yangu ya wino, natamani kumchapa kofi msichana yule.

Mzungu alitaka vitu zaidi, kwa hiyo nikaenda kijijini Kigwa kwa babu, baba yake mama. Babu alikuwa mpagazi ujanani mwake. Wakati wake kijana wa Kinyamwezi ambaye hajafika pwani alihesabiwa mtoto tu, na hakuna aliyemwoza binti yake. Babu alikwenda mara tatu. Hakushikwa na mtu. Alikwenda kwa hiari yake, akapatana ujira wake, akabeba, akarudi. Bega lake la kulia lilikuwa na sugu nene, na tulipokuwa wadogo tulipigania kuigusa.

Juu ya dari alikuwa ameweka mti wake, mti mrefu wenye panda, mweusi kwa jasho. Mzigo wa nguo ulifungwa kwenye mti kama huo, na mpagazi akichoka aliuegemeza mzigo shinani mwa mti mkubwa, panda ikazuia, ili asihangaike kuuinua tena kutoka chini. Nilipomwomba aliuteremsha mwenyewe, akaupangusa kwa shuka lake.

"Mke wangu," akasema, maana ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mchanga, "uandike kwamba mwenye mti huu alifika pwani mara tatu kwa miguu yake, na hakuna aliyemfunga kamba."

"Nitaandika, babu."

Mzungu aliupokea kwa mikono miwili. Akaitazama ile panda, akajiwekea shingoni kwa kuijaribu, uso ukamng'aa. "Kongwa!" akasema. Alikuwa amelitafuta kongwa kwa miaka, ule mti wa panda waliofungwa watumwa shingoni, kwa kuwa kila mgeni aliyeshuka garini aliuliza liko wapi. Aliniuliza nimelipata wapi. Nikasema Kigwa, kwa mzee mmoja.

Mzee mmoja! Sikusema ni babu yangu. Niliona haya kwamba mbele ya Mzungu aliyesoma mimi ni mjukuu wa mtu aliyebeba mizigo, na niliogopa kumharibia furaha yake, na kazi niliipenda. Nikakaa mezani nikaandika: "Kongwa. Mti aliofungwa mtumwa shingoni safarini." Kadi ile ilitoka nzuri kuliko zote.

Babu hakungoja kualikwa. Baada ya majuma machache alishuka kwa treni ya asubuhi, amevaa kanzu safi na koti la kuazima. Mlangoni alimkuta mlinzi wetu, Mzigua aliyeletwa huku na kazi ya reli, na kwa kuwa Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara, hawakusalimiana hata kidogo kabla ya kuanza kutukanana.

"Nyinyi mlifika pwani mkaionja bahari," mlinzi akasema, "mkauliza nani kaimwagia chumvi yote hii!"

"Na nyinyi mkatuuzia hayo hayo maji kwenye kibuyu, wezi wakubwa!"

Waliingia wakicheka. Babu akauona mti wake ndani ya kioo, akasimama wima. Hakujua kusoma.

"Mke wangu, nisomee."

Mlinzi alijua kusoma kidogo, na alikuwa nyuma yetu. Nikaweka kidole kwenye kadi nikasoma yasiyokuwepo: "Mti wa mpagazi. Mwenyewe alifika pwani mara tatu kwa miguu yake."

"Na kamba?"

"Na hakuna aliyemfunga kamba."

Babu akaniomba nirudie, nikarudia. Mlinzi alikuwa na haki ya kumtania babu kwa lolote, hata kwa marehemu mama yake, lakini alitazama sakafu, kisha akatoka nje. Sijawahi kuona aibu namna ile.

Mwezi uliofuata babu alirudi siku ambayo nilikuwa nyumbani kwa homa. Jioni alipitia kwangu Isevya kabla ya treni, akakaa kitini akicheka mpaka machozi.

"Yule mtani wangu hana adabu! Nimemwambia anisomee tena, anasema pameandikwa kongwa. Ati mimi nilikuwa mtumwa wao!" Akafuta macho kwa ncha ya shuka. Kisha akanitazama. "Ananitania, sivyo?"

Hapo nilipewa nafasi. Nilikuwa peke yangu na mtu aliyenipenda kuliko watu wote, na aliniuliza swali moja tu.

"Anakutania, babu," nikasema, nikacheka naye.

Sikumwona tena mjini. Nilipomtembelea Kigwa alinisimulia habari za mvua na za mbuzi, lakini njia ya pwani hakuitaja tena, nami nikajiambia ni uzee. Wageni waliendelea kushuka garini. Walisimama mbele ya kabati, wakajishika shingo, wakatikisa vichwa kwa huruma, na baadhi yao waliniambia mwandiko wangu unasomeka vizuri.

Babu alipofariki, mlinzi alikuja Kigwa mazishini, kwa haki yake ya mtani. Aliingia kaburini kabla ya maiti, akalala chali, akatangaza kwamba hatoki mpaka apewe jogoo, na kwamba huyu mzee hata kufa kachelewa. Wafiwa walicheka huku wakilia. Alipopewa jogoo wake alitoka, akajikung'uta udongo, na baada ya maziko akanifuata nilipokuwa nimeketi.

"Babu yako nilimtania kila kitu," alisema. "Lile la kadi sikumtania."

"Najua," nikasema.

"Naye alijua."

Nikamtazama.

"Alirudi Jumapili moja, wewe uko kanisani. Akasema, mtani wangu, leo utani tuuache nje ya mlango. Pameandikwa nini? Nikamwambia."

"Akasemaje?"

"Aliniuliza, na mwandiko wake ni mzuri? Nikasema mzuri sana, hapa mjini hakuna anayeufikia. Akasema, basi, usimwambie kwamba nimejua."

Jumatatu niliwahi kazini kabla ya wote. Ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwangu, kama siku zote, na kadi tupu zilikuwa mezani. Nikaandika maneno ya babu kama alivyonipa, pamoja na yale ya kamba. Haikuchukua dakika tano. Mzungu alipofika aliiona kadi mpya, akavaa miwani, akaisoma polepole, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia mti ule ulikuwa wa babu yangu, na kwamba tumemzika Jumamosi.

Alivua miwani. Nilingoja anifokee au anifukuze. Ndilo nililokuwa nimeliogopa wakati wote.

"Sasa kwa nini hukuniambia?" akauliza, kwa upole kabisa.